Kabla ya Kununua Sola: Hesabu za Uniti katika Nyumba ya Pemba

Anayetaka umeme wa jua akaanzia dukani, ameanzia mwisho. Mwanzo uko ukutani, kwenye mita ya Tukuza, ile ya kulipia kabla ya kutumia, na kazi ya kwanza haitaki hata senti moja: kujua uniti za nyumba zinakwenda wapi. Nyumba ninayoieleza hapa iko upande wa Micheweni, ya matofali na bati, watu saba, na umeme wa Shirika la Umeme la Zanzibar umefika zamani. Wenyewe walitaka mambo mawili. Gharama ipungue, na umeme ukikatika usiku wasikae gizani. Nasisitiza kwamba ni mambo mawili, maana kila moja lina dawa yake, na wanaoyachanganya ndio wanaonunua betri kwa tamaa ya kuokoa fedha. Nitaieleza kazi kwa mpangilio wake, na penye fedha nitaweka hesabu kwa shilingi 300 kwa uniti, iwe rahisi kufuatilia. Anayelipa bei nyengine abadilishe namba hiyo tu.

Mita nyingi zina kitaa chekundu kinachowaka na kuzima, na pembeni yake pameandikwa "imp/kWh" na namba, mara nyingi 1000 au 1600. Maana yake ni kwamba kitaa kikiwaka mara hizo, 1000 au 1600, uniti moja, yaani wati 1000 kwa saa nzima, imekwisha. Zima vitu vyote, washa kimoja, kisha hesabu sekunde kutoka mwako mmoja hadi mwengine. Kwa mita ya 1000, gawa 3600 kwa hizo sekunde, na jibu ni wati. Kitaa kikiwaka kila baada ya sekunde 24, kitu hicho kinakula wati 150. Kwa mita ya 1600, gawa 2250. Ukishazima kila kitu na kitaa bado kinawaka, kuna kitu hujakiona: dekoda nyuma ya TV, chaja, au waya unaovuja. Huo wa mwisho usiuache, kwa sababu unaweza kuunguza nyumba.

Friji halipimiki kwa njia hiyo, kwani mota yake huwaka ikapumzika. Hilo lilipimwa kwa kile kipimo kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, siku nzima, mchana na usiku. Likatoa uniti 2.2 kwa siku. Feni tatu za wati 60, kila moja saa kumi, zikatoa 1.8. Globu moja ya zamani ya wati 60 iliyokuwa ikiwaka nje tangu magharibi hadi alfajiri ikala 0.7. Birika la umeme la wati 2000, robo saa kwa siku ukijumlisha mara zote, 0.5. Pampu ya maji 0.5, TV na dekoda 0.5, pasi 0.4. Jumla ni uniti 6.6 kwa siku, karibu 200 kwa mwezi. Mwenye nyumba alikuwa ameshaambiwa dukani kwamba anahitaji paneli sita na betri nne. Kwa matumizi hayo, muuzaji hakukosea sana. Kilichokosewa ni kuyachukua matumizi kama yalivyo.

Globu ya nje ndiyo ya kwanza kubadilishwa. Ya LED ya wati 9 inatoa mwanga ule ule, na kwa saa 12 inakula uniti 0.11 badala ya 0.72. Kwa mwezi ni uniti 18, yaani shilingi 5,500 hivi, kwa kitu kinachouzwa kwa elfu chache. Hakuna paneli duniani inayorudisha fedha haraka namna hiyo. Wengi hubadilisha taa za ndani na kuisahau ya nje, na hali ile ya nje ndiyo inayokesha.

Kwenye friji ndiko kwenye hesabu ngumu. Lile lilikuwa kubwa, la mtumba, mpira wa mlango umekakamaa. Chukua karatasi, ifungie mlangoni, halafu ivute. Ikitoka bila kubana, hewa ya joto inaingia usiku kucha na mota haipumziki. Jaribu pande zote nne, kwa sababu mpira huanza kufa chini, upande wa bawaba. Kuubadilisha mpira, kulivuta friji liachane na ukuta kiasi cha upana wa kiganja, kufagia vumbi kwenye zile nyaya za nyuma, na kuyeyusha barafu kabla haijafika unene wa kidole kulishusha matumizi hadi 1.6. Yapo mafriji ambayo yangeishia hapo vizuri. Hili halikuishia hapo, kwa sababu lilikuwa kubwa kuliko haja. Dogo jipya lenye mota ya inveta, inayobadilisha kasi yake badala ya kuwaka na kuzima, linaweza kutumia 0.8. Lakini hesabu yake ni hii: kutoka 1.6 hadi 0.8 ni akiba ya uniti 0.8 kwa siku, 24 kwa mwezi, shilingi 7,200. Friji likiwa la 600,000, linajilipa kwa miaka saba hivi. Kwa hiyo simshauri mtu kutupa friji zima ili anunue jipya kwa ajili ya umeme peke yake. Anayekaribia kununua kwa sababu nyengine, hapo ndipo atazame lebo ya matumizi kwa mwaka, aigawe kwa 365, asidanganywe na ukubwa wa mlango.

Jengine la friji ni umeme mdogo. Vijiji vilivyo mbali na transfoma hupata voltu pungufu saa za magharibi, wakati kila nyumba imewasha. Badala ya 230 unakuta 190 au chini yake. Taa ya LED haijali, lakini mota ya friji inahangaika kuanza, inavuta mkondo mkubwa, inapata moto, na mwisho inaungua. Kile kisanduku cha kulinda friji, kinachochomekwa baina ya soketi na friji, huzima voltu zikishuka na husubiri dakika kadhaa kabla ya kuwasha tena. Usubiri huo una sababu: gesi ndani ya mota inataka muda itulie. Mota ikilazimishwa kuanza mara tu umeme uliporudi, inaanza na mzigo.

Feni zilibadilishwa mbili tu, zile za vyumba vya kulala, kwa aina mpya ya wati 30. Kila moja inaokoa uniti 9 kwa mwezi, shilingi 2,700. Si akiba ya kutajirisha, ila faida yake kubwa itaonekana tukifika kwenye betri, kwa sababu kila wati unayoipunguza usiku ni betri ambayo huinunui. Joto lenyewe lilipunguzwa kwa njia nyengine: dari chini ya bati, na madirisha ya pande zinazotazamana yakaachwa wazi ili Kusi na Kaskazi zipite. Nyumba za zamani za mawe na chokaa, zenye kuta nene na dari ndefu, zilikuwa na maarifa haya kabla ya feni kuja. Bati tupu juu ya tofali la inchi sita ni tanuri, na kupaka bati rangi nyeupe husaidia sana kwa gharama ya madebe machache ya rangi.

Pasi: nguo za skuli za watoto wote na kanzu zinapigwa kwa pamoja, pasi isipoe ikapashwa upya kila asubuhi. Birika: maji yanachemshwa mara moja, yanamiminwa kwenye chupa ya chai. Dekoda inazimwa ukutani. Wati 12 kwa saa 24 ni uniti karibu 9 kwa mwezi za kutomtazamisha mtu kitu. Pampu ilikuwa ikifanya kazi zaidi kwa sababu bomba la uwani lilikuwa linavuja, basi ni shilingi mia chache za mpira.

Upikaji wa umeme una sifa mbaya, na kwa jiko la koili sifa hiyo ni ya haki. Maharage makavu yakikaa saa mbili juu ya koili ya wati 1000 yamekula karibu uniti 2. Jiko la presha la umeme ni habari tofauti: limefungwa, limevikwa kizuia joto, na likishafika kwenye presha linazima na kuwasha lenyewe. Maharage au mbaazi zile zile huiva chini ya uniti nusu, yaani chini ya shilingi 150. Mpikaji aweke bei hiyo karibu na ya mkaa wa kupikia sufuria hiyo, ataamua mwenyewe. Kwa chapati na samaki wa kukaanga halifai, kwa hiyo gesi au mkaa hauondoki kabisa jikoni.

Baada ya yote hayo nyumba ikawa kwenye uniti 3 kwa siku. Kutoka 6.6. Hapo ndipo ruhusa ya kuzungumza sola ilipopatikana, na mfumo unaohitajika ukawa chini ya nusu ya ule wa dukani.

Sasa betri, ambako ndiko fedha za watu wa visiwani zinakozama. Betri ya lithiamu ya voltu 12.8 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,280, karibu uniti moja na robo. Ukitumia asilimia 80 yake kila siku, unapata uniti moja. Tuseme inastahimili kujazwa na kutolewa mara 3,000. Maisha yake yote itakupa uniti 3,000 na kidogo, zenye thamani ya shilingi 920,000 kwa bei ya mita. Na ili uzipate inabidi uitumie kila siku kwa miaka minane bila kuruka hata siku moja. Weka juu yake inveta, kile kifaa kinachougeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, na paneli za kuijaza, na utaona wazi kwamba betri haishindani na waya wa Shirika kwa bei. Betri ya asidi ni mbaya zaidi. Ya ampea-saa 100 hutakiwi kuitoa zaidi ya nusu, uniti 0.6. Ikitumika hivyo mara 500 imetoa uniti 300, yaani shilingi 90,000. Na hizo mara 500 ni za mahali penye ubaridi. Kila nyuzi kumi juu ya 25 hupunguza umri wa betri ya asidi kwa nusu. Betri iliyowekwa chini ya bati Pemba haina maisha.

Basi kwa nini mtu anunue betri? Kwa ajili ya giza. Pemba inapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010. Kabla ya hapo ilikuwa ni majenereta ya dizeli ya Wesha. Unguja nayo inategemea waya wa kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya mmoja ukiharibika, kisiwa kizima kinazima, na Unguja waliona: karibu mwezi mmoja katikati ya 2008, halafu miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Waya wa pili wa Unguja, mkubwa zaidi, ulikamilika 2013. Anayekumbuka ile miezi mitatu, maji yamekatika kwa sababu pampu hazifanyi kazi na samaki wanaoza, hahitaji kuambiwa thamani ya taa na feni za uhakika. Thamani hiyo ni ya kweli, nami naiheshimu. Ila iitwe kwa jina lake: ni utulivu unaonunuliwa. Mwenye mgonjwa anayehitaji mashine, mwenye mtoto mchanga, mwenye dawa za kuhifadhi kwenye baridi, huyo anunue na asione amepoteza.

Kwa paneli mambo yanageuka. Paneli ya wati 400, kwa jua la saa tano kamili kwa siku ambalo ndilo wastani wa kufanyia hesabu huku kwetu, ukitoa robo kwa ajili ya joto, vumbi na upotevu, inakupa uniti 1.5. Ni shilingi 450 kwa siku, 164,000 kwa mwaka. Paneli nzuri hukaa miaka ishirini na zaidi. Hapo pana faida, kwa sharti moja: umeme huo utumike mchana, saa ile ile unapotoka. Nyumba ambayo watu wako kazini na skuli, na kila kitu kinawashwa baada ya magharibi, itaacha jua lipotee bure. Ndiyo maana tulihamisha pampu, pasi na jiko la presha kati ya saa nne na saa tisa mchana. Kuhamisha saa hakugharimu kitu, na kunafanya kazi ya betri.

Mahitaji ya usiku yakaandikwa: taa tano za wati 8 kwa saa tano, wati-saa 200, feni mbili za wati 30 kwa saa nane, 480, TV ya wati 45 kwa saa tatu, 135, simu na kisanduku cha intaneti, 120. Jumla 935. Inveta inakula asilimia kumi hivi, kwa hiyo betri itoe 1,040. Lithiamu moja ya volti 12 inafika pale pale mpakani, bila ziada ya siku ya mawingu. Ikachaguliwa ya voltu 25.6 ampea-saa 100, wati-saa 2,560. Kwa paneli, 1,040 ukiigawa kwa tano na kwa 0.75 unapata wati 277. Hiyo ni hesabu ya Januari, Kaskazi ikivuma na mbingu safi. Masika hailingani nayo. Siku ya mvua nzito paneli hutoa robo ya kawaida yake au chini. Atakayepima mfumo kwa mwezi wa jua ataukuta Aprili umelala. Zikawekwa paneli mbili za 400: zinajaza betri, na kwenye siku njema zinaendesha mchana wote.

Dukani chukua kipimo cha utepe. Mita mraba moja ya paneli ya leo kwa kawaida haitoi zaidi ya wati 230 hivi, kwa hiyo paneli ya kweli ya wati 400 inakaribia mita mraba mbili. Ukiona imeandikwa 400 na eneo lake ni nusu ya hapo, maandishi ndiyo yaliyokua. Betri ya asidi ipimwe kwa mizani: ya ampea-saa 100 huwa na kilo 28 hadi 30, maana madini ya risasi ndiyo betri yenyewe. Betri nyepesi haina kitu ndani. Na betri ya gari si betri ya sola hata ikiwa mpya. Imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, si kutolewa polepole usiku kucha, na itakufa ndani ya miezi.

Kwenye inveta, kwanza iwe ya wimbi safi. Zile za bei rahisi hutoa wimbi la ngazi ngazi; feni inavuma, mota ya friji inapata moto. Pili, izidi mshtuko wa kuanza: friji la wati 120 linaweza kudai mara tano au sita ya hapo kwa kitambo kidogo. Tatu, na hapa hata mafundi hukwama, tazama voltu za paneli ambazo inveta inahitaji ili iamke. Baadhi ya inveta zenye chaja ndani yake hazianzi kabla ya voltu 90 au 120. Paneli mbili zilizounganishwa kwa mfuatano hutoa 70 hadi 80 hivi. Mtu anafunga kila kitu, jua linawaka, inveta inasema hakuna paneli, na paneli zinalaumiwa bure. Ama uongeze paneli, ama uchague inveta inayoanzia voltu za chini. Soma karatasi yake kabla ya kulipa.

Juu ya paa kulikuwa na maamuzi matatu. Pemba iko kama nyuzi tano kusini ya ikweta na Unguja sita, kwa hiyo paneli zielekee kaskazini na ziinuke nyuzi kumi hadi kumi na tano. Kwa jua lenyewe hata zikilala karibu bapa hazipotezi kitu kikubwa. Mwinamo ni kwa ajili ya mvua iweze kuziosha. Ziache nafasi ya sentimita 10 au 15 kutoka kwenye bati ili upepo upite, kwa sababu kila nyuzi moja ya joto juu ya 25 hupunguza karibu asilimia 0.4, na paneli iliyolalia bati saa saba mchana hufika nyuzi 60 kwa wepesi. Kisha mnazi. Kuti moja likitia kivuli kwenye pembe ya paneli huweza kuzima theluthi nzima yake, na nazi ikianguka inazima yote. Paneli zikahamishwa upande wa pili wa paa, waya ukawa mrefu zaidi kidogo. Huo ni urefu wa haki.

Chumvi ya bahari inakula. Reli ziwe za alumini, bolti na nati za chuma kisichoshika kutu, na pasiwe na bolti ya chuma cha kawaida inayogusa alumini, maana metali mbili tofauti zikilowa maji ya chumvi moja huila nyengine. Kila tundu kwenye bati lizibwe kwa mpira na silikoni siku hiyo hiyo.

Waya mwembamba ndio ugonjwa wa mifumo ya voltu 12. Mfano: wati 300 kwa voltu 12 ni ampea 25. Ukipitisha kwenye waya wa milimita mraba 6 kwa umbali wa mita kumi, kwenda na kurudi ni mita ishirini, unapoteza voltu 1.5, asilimia 12 ya umeme wako, ikiwa joto ndani ya waya. Waya wa 16 unapunguza upotevu huo hadi voltu 0.55. Kwa voltu 24 ampea zinakuwa nusu, na asilimia inayopotea inashuka hadi robo. Baina ya betri na inveta ya wati 3,000 mkondo unaweza kufika ampea 125. Pale uwe waya wa milimita mraba 35, usiozidi mita moja na nusu, na fyuzi ya ampea 150 karibu kabisa na nguzo chanya ya betri. Fyuzi na swichi za upande wa paneli na betri ziwe za umeme wa DC, yaani ule wa mkondo wa upande mmoja unaotoka kwenye paneli na betri. Swichi ya ukutani ya kawaida ikikata DC inaweza kuendelea kutoa cheche ndani bila kuzimika, na moto wa sola mara nyingi huanza hivyo.

Kuna jambo moja ambalo silivumilii kabisa: waya wenye plagi pande zote mbili, unaochomekwa kutoka inveta hadi soketi ya ukutani ili "nyumba nzima iwake". Umeme ule unatoka kupitia mita, unapanda transfoma kwa kinyume, na fundi wa Shirika aliye juu ya nguzo akiamini waya umekufa anakufa yeye. Weka swichi ya kubadilishia, ile inayoruhusu upande mmoja tu kwa wakati mmoja, na ifungwe na fundi mwenye leseni. Inveta inayofanya kazi pamoja na umeme wa Shirika iwekewe mpangilio wa kutorudisha umeme nje, kwa sababu baadhi ya mita za malipo ya kabla huhesabu umeme unaorudi kama umetumika, na nyengine hujifunga. Zungumza na ofisi ya Shirika kabla ya kufunga. Fimbo ya ethi, ile inayopeleka ardhini umeme unaovuja, nayo isipigwe kwa desturi tu: kwenye maweni, ambako chini ni jiwe la matumbawe, fimbo moja fupi haishiki ardhi. Tafuta penye udongo wenye unyevu, karibu na karo la maji, upige ndefu au mbili.

Jirani mwenye duka na friza la barafu na samaki alipata faida kubwa kuliko nyumba yenyewe, na bila betri. Friza lake linafanya kazi mchana, jua linapotoka, umeme wa Shirika ukisaidia wingu likipita. Ndani yake mna chupa za maji ya chumvi, gramu 100 kwa kila lita, ambayo huganda kwenye nyuzi sita hivi chini ya sifuri. Mchana zinaganda, usiku friza linazimwa na chupa zinashika baridi mpaka asubuhi. Lita ishirini za maji yaliyoganda ni ghala la baridi lisilochakaa. Chupa zisijazwe hadi mdomoni, zitapasuka, na mlango usifunguliwe usiku.

Matunzo hayana mengi. Paneli zioshwe alfajiri, kioo kikiwa baridi, kwa maji baridi na kitambaa laini. Maji ya kisima yenye chumvi yanaacha ukungu, na kinyesi cha ndege kisingoje mvua. Mwenye betri za asidi aongeze maji ya betri yaliyosafishwa ya dukani, si asidi, wala maji ya mvua au ya bomba, na chumba kiwe na dirisha, kwa sababu zikijazwa hutoa gesi inayoshika moto. Vikaze viungo vya nyaya baada ya mwezi wa kwanza, halafu kila baada ya Masika. Kiungo kilicholegea utakijua kwa mkono: kina joto.

Na kabla fundi hajaondoka, aache mchoro. Kila waya uwe na kibandiko, kila fyuzi iandikwe ampea zake, namba za mpangilio wa chaja ziandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kisanduku. Huko Kinyasini, Unguja, akina mama wa vijijini wamefundishwa kufunga na kutengeneza sola, wengi wao bila skuli ndefu, nao wanaweza kuufufua mfumo wakikuta mchoro. Bila mchoro, fundi wa pili huanza kwa kukata nyaya ili ajue kila mmoja unakwenda wapi, na kazi yake hiyo utailipia wewe.